Maneno Tunayo, Maelezo Hatuna

Mdogo wangu ana miaka 18 na anasomea ufundi mitambo katika shule moja ya sekondari mjini Kalemie. Mwaka jana alirudi nyumbani Mpala kwa likizo akiwa na karatasi ya kazi: ajenge modeli inayofanya kazi ya mashine yoyote ya kiwandani, kisha aieleze mbele ya walimu wake. Alichagua mkanda wa kuchukulia mizigo, ule unaobeba mawe, mchanga au saruji kutoka upande mmoja wa kiwanda hadi mwingine. Sababu yake ilikuwa rahisi. Kabimba, kando ya ziwa letu hilihili, kuna kiwanda cha saruji, na vijana wengi wa huku wanaosomea mitambo huota kupata kazi huko.

Modeli ilifanya kazi vizuri. Katika maelezo alipata sifuri.

Nataka kuzungumza juu ya sifuri hiyo, kwa sababu naamini inatuhusu sisi wa kitivo hiki kuliko inavyomhusu yeye. Lakini siwezi kuizungumzia kabla ya kusimulia jinsi modeli ilivyojengwa, maana hoja yangu niliipata humo karakanani, nikiwa nimeshika tochi.

Karakana ni ya baba, iko nyuma ya nyumba: paa la bati, meza moja ya mbao ngumu, na jiliwa ambayo baba huiita eto. Humo hutengenezwa baiskeli, na mara mojamoja injini za mitumbwi. Umeme tunaupata kwa paneli ya sola na betri ya volti 12, ileile inayowasha taa za nyumbani. Mimi sikuwa fundi. Kazi yangu ilikuwa kushikilia vitu na kuandika vipimo katika daftari.

Mdogo wangu alichagua kipimo cha 1 kwa 20. Mita 1 ya karakanani iwe mita 20 za kiwandani, na upana wa sentimita 5 uwe mita 1. Rola mbili kubwa, moja kila mwisho, alizikata kutoka bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5, akaziba ncha zake kwa visahani vya mbao na kupitisha katikati ekseli za magurudumu ya baiskeli. Rola ndogo za kuubeba mkanda katikati zilikuwa vipande vya mwanzi juu ya spoku. Mota ilitoka kwenye waipa ya gari bovu. Ndani ya mota ya namna hiyo tayari kuna gia za kupunguza mwendo, na hiyo yetu ilizunguka kama mara 50 kwa dakika. Tulipiga hesabu: rola ya sentimita 5 ikizunguka mara 50, mkanda husogea karibu sentimita 785 kwa dakika, yaani sentimita 13 kwa sekunde. Ukizidisha kwa 20, ni mita 2.6 kwa sekunde, mwendo ambao mkanda wa kweli huweza kukimbia.

Mkanda wenyewe ndio uliotutesa. Kwanza alipasua mpira wa ndani wa baiskeli, akidhani amepata mkanda usio na maungio. Mpira ukawa unanyumbuka: ukiwekewa mchanga unarefuka, unalegea, unasimama, kisha unaruka mbele kwa ghafla. Akauacha. Akachukua suruali kuukuu ya jinsi, akakata vipande vitatu na kuviunga. Alipovishona kwa mshono wa kukatiza moja kwa moja, kila mshono ulipofika kwenye rola modeli nzima ilishtuka. Akaifumua na kushona upya kwa mshazari, ili mshono upande rola kidogokidogo, kona moja kwanza. Mshtuko ukaisha.

Kisha mota. Aliifunga upande ambapo mchanga unapakiwa, kwa sababu nafasi ilikuwa huko. Bila mzigo, mkanda ulienda. Mzigo ulipowekwa, upande wa juu ulilegea na kubonyea, na rola ikawa inateleza ndani ya mkanda. Tulikaa jioni nzima tukikaza bolti. Mwishowe akaihamishia mota upande wa pili, mchanga unakomwagika, akaniambia: "Yaya, kamba ni ya kuvuta, haiko ya kusukuma." Tangu hapo upande uliobeba mzigo ukawa unavutwa na kunyooka wenyewe.

La mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Mkanda ulikimbilia pembeni. Kila baada ya mizunguko michache ulitoka kwenye rola na kuanguka. Mimi nilipendekeza kuweka kingo, yaani rola iwe na kuta mbili pembeni kama koili ya uzi. Tulijaribu. Mkanda ukapanda ukuta na kujikunja. Baba, ambaye alikuwa akitutazama bila kusema kitu, akachukua utepe wa kuzungushia nyaya akauviringisha katikati ya rola, tabaka juu ya tabaka, mpaka katikati pakawa na kitumbo kidogo. Mimi nilidhani mkanda sasa utaanguka haraka zaidi, kama mtu anayetembea juu ya mgongo wa paa. Haukuanguka. Ulisogea wenyewe hadi katikati ukatulia hapo.

Usiku ule mdogo wangu aliandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa ajili yake mwenyewe. Naunakili hapa kama ulivyo, isipokuwa tahajia:

"Rola ikiwa nene katikati, kila mzunguko pale katikati panavuta mkanda mwingi kuliko pembeni. Mkanda ukiwa umekwenda kushoto, ukingo wake wa kulia ndio unaolalia pale penye unene. Ukingo huo unavutwa haraka kuliko mwenzake, kwa hiyo mkanda unapinda kuelekea kulia, na unapoingia kwenye rola mara nyingine unaingia karibu zaidi na katikati. Ukifika katikati, kingo mbili zinavutwa sawa, basi haupindi tena. Mkanda unapanda kilima chenyewe, hauhitaji ukuta."

Nimesoma vitabu vingi vya isimu hapa kitivoni. Ni vichache vinavyoeleza sababu ya jambo kwa unyofu huu.

Sasa niseme juu ya ile siku ya maelezo. Alibeba modeli hadi Kalemie kwa boti, ikiwa imefungwa ndani ya mkeka. Mbele ya walimu aliiwasha, mchanga ukapanda, ukamwagika ndani ya kopo. Akaambiwa aeleze. Mtihani ni wa Kifaransa, na Kifaransa chake ni cha kusoma maandishi ubaoni. Alisema majina: rola, mota, mkanda, kwa Kifaransa sahihi. Alipoulizwa kwa nini rola ina unene katikati, alinyamaza. Aliomba kueleza kwa Kiswahili. Akaambiwa kwamba hiyo si lugha ya mtihani. Silaumu mwalimu huyo. Huenda yeye pia angeweka hatarini kazi yake. Alama ya modeli ilitolewa, ya maelezo ikawa sifuri, akapewa wiki mbili arudi.

Katika wiki hizo mbili nilifanya jambo ambalo silijivunii. Nilimwandikia ukurasa wa Kifaransa. Aliukariri kama watoto wanavyokariri katekisimu, akarudi, akausema wote bila kukosea, akapita. Safari hii modeli haikuwashwa hata kidogo. Alipotoka alinipigia simu akasema: "Yaya, wamekupa wewe alama." Alikuwa sahihi. Maelezo yake mwenyewe, yale aliyoyapata baada ya siku kumi za kazi, hayakupata alama mahali popote.

Katika kitivo chetu swali la Kiswahili na sayansi huulizwa karibu kila mwaka, na kila mwaka hujibiwa kwa orodha ya maneno. Tunauliza: je, Kiswahili kina neno la hiki na kile? Kisha tunakwenda kulitafuta au kulibuni. Mimi mwenyewe katika mwaka wa pili nilikusanya istilahi za sehemu za simu ya mkononi, nikapata alama nzuri. Hakuna fundi simu hata mmoja aliyewahi kuiona orodha ile, wala sikumpelekea.

Msimamo wangu sasa ni huu: tunachokosa si maneno. Tunakosa maelezo, yaani sentensi zilizoandikwa zinazosema kitu hufanyaje kazi na kwa nini.

Tazameni jina la mashine yenyewe. Karakanani mdogo wangu alisema mukaba, kama tunavyouita nyumbani mkanda wa suruali. Muuza vipuri sokoni alisema kurua. Mimi, kwa sababu ya shule, nilisema mkanda wa kuchukulia mizigo. Hakuna siku tuliyoshindwa kuelewana. Na Wafaransa wenyewe wanasemaje? Wanasema tapis roulant, yaani zulia linaloviringika. Walichukua zulia la sebuleni wakaliweka kiwandani, na hakuna aliyewacheka kwamba lugha yao ni maskini. Jina ni kibandiko tu. Ukishakubaliana na mwenzako, hata kibandiko kibaya kinatosha.

Wenzetu wa Tanzania walikwenda mbali sana kuliko sisi katika kutunga majina. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Maneno yakawepo, yamepangwa kwa alfabeti. Hata hivyo, miaka mingi baada ya kamusi hiyo, masomo ya sayansi katika sekondari zao yaliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Sisemi kazi ile ilikuwa bure, nami naitumia. Nasema tu kwamba kama tatizo lingekuwa maneno, lingekwisha zamani.

Kwetu Mpala jambo hili ni la zamani zaidi. Kituo cha Mpala kilianzishwa na Émile Storms mwaka 1883 kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mmoja wa mapadre waliofanya kazi miongoni mwa Watabwa, Auguste Van Acker, aliandika kamusi ya Kitabwa na Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1907. Maneno ya bibi zetu, kwa hiyo, yameorodheshwa kwa zaidi ya karne moja. Stefano Kaoze, kijana wa Kitabwa aliyesoma katika seminari ya Mpala na kupadrishwa mwaka 1917, alipotaka kueleza fikra za watu wake kwa maandishi yatakayosomwa mbali, aliyaandika kwa Kifaransa. Majina kwa lugha yetu, maelezo kwa lugha nyingine: mpango huo haukuanza na mdogo wangu.

Nije kwenye isimu, maana hilo ndilo eneo letu. Tukiacha majina tukatazama vitenzi, tunaona utajiri ambao hatuutumii. Katika modeli ile kuna rola ya aina tatu. Moja inazungusha: ndiyo iliyofungwa mota. Nyingine inazungushwa: iko mwisho wa pili, inavutwa na mkanda. Za katikati zinazunguka tu chini ya mzigo. Tofauti ambayo vitabu vya Kifaransa huieleza kwa majina matatu mbalimbali, mdogo wangu aliieleza kwa mzizi mmoja na viambishi viwili. Hali kadhalika legea na legeza, kaza na kazika, teleza na telezesha. Kila mmoja wetu amefanya mtihani juu ya mnyambuliko wa vitenzi. Tunachora majedwali ya kauli ya kutendesha na kauli ya kutendwa, tukitumia mifano ileile ya mama kumlisha mtoto chakula. Hatujawaambia wanafunzi wa ufundi kwamba jedwali lile ni chombo cha kazi: nani anasukuma, nani anasukumwa, nini kinatendeka chenyewe.

Nilifanya jaribio dogo. Nilimpa binamu yetu wa miaka 14, ambaye hakuwepo likizo ile, ukurasa wa mdogo wangu pamoja na modeli ambayo tulikuwa tumeitoa utepe na kuilegeza. Nikamwambia aisome na kuitengeneza, mimi nikakaa mbali. Aliviringisha utepe katikati ya rola bila kuniuliza chochote, na mkanda ukatulia. Lakini mahali pengine alikwama. Katika ukurasa wa pili mdogo wangu alikuwa ameandika "kaza bolti za mbele". Mbele ni wapi? Kwa mdogo wangu mbele ni upande mzigo unakoelekea. Kwa binamu, mbele ni upande ulio karibu na yeye aliyesimama. Alikaza bolti za upande usiofaa.

Jioni tulikaa watatu na kurekebisha. Tukafuta mbele na nyuma kila mahali, tukaandika "unapopakiwa" na "unapomwagia". Bolti za mkanda unapopakiwa. Mota iko mkanda unapomwagia. Hatukubuni neno hata moja. Tulichukua kirejeshi cha mahali, kitu ambacho kila mtoto wa huku hukitumia kabla ya kwenda shule, tukakipa kazi. Binamu aliporudia siku iliyofuata hakukwama. Modeli moja na mtoto mmoja si utafiti, najua. Lakini katika miaka yangu minne hapa hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona sentensi ya Kiswahili ikipimwa kwa kuangalia kama mashine inakwenda.

Kuna pingamizi ambazo nimezisikia kwa walimu wangu na ambazo naziheshimu. Ya kwanza: vitabu vya mashine huja kwa Kifaransa, Kiingereza au Kichina, na kijana asiyejua lugha hizo atabaki mlangoni. Ni kweli. Mdogo wangu lazima ajue Kifaransa, nami namhimiza. Lakini kuna mpangilio. Mtu aliyeelewa jambo kwa lugha yake hujifunza kulisema kwa lugha nyingine. Mtu aliyekariri kwa lugha nyingine hubaki na maneno mdomoni. Ukurasa wangu wa Kifaransa aliusahau ndani ya mwezi mmoja. Ukurasa wake anaukumbuka hadi leo.

Ya pili: Kiswahili cha Mpala si sanifu, tutawezaje kukisahihisha? Nami nauliza, tunasahihisha nini? Kama mtihani unapima mashine, mukaba na mkanda ni kitu kimoja. Usanifu una mahali pake, na hata mimi nimeusanifisha ukurasa wa mdogo wangu kabla ya kuuleta hapa. Ila usanifu uje baada ya kuelewa, si mlangoni kumzuia mtu asiingie.

Ya tatu ni ya sheria. Katiba yetu ya 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaziruhusu lugha za taifa na za mazingira kutumika kufundishia. Mlango huo tayari uko wazi, angalau kwa madarasa ya chini. Anayetaka kuupita leo atauliza: maandishi ya kufundishia yako wapi? Swali hilo linaulizwa kwetu sisi, si kwa wabunge.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja, lisilohitaji bajeti. Kazi ya istilahi ya mwaka wa pili ibadilishwe. Badala ya orodha ya maneno 50, kila mwanafunzi aende kwenye karakana moja: kwa fundi baiskeli, fundi cherehani, mtu wa kinu cha kusagia muhogo, fundi wa injini za boti. Achague jambo moja ambalo fundi huyo analijua, aandike ukurasa mmoja wa kueleza linakwendaje na kwa nini, kwa Kiswahili ambacho fundi mwenyewe atakikubali. Kisha ampe ukurasa huo mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi ile. Akiweza kuifanya, mwanafunzi amepita. Akikwama, mwanafunzi arudi atafute ni sentensi ipi iliyomkwamisha. Baada ya miaka mitano tutakuwa na mamia ya kurasa. Mwalimu wa ufundi atakayetaka kueleza kwa Kiswahili atakuwa na cha kushika mkononi, na mtihani hautakuwa na kisingizio.

Modeli bado iko Mpala, juu ya kabati la baba. Jinsi imeanza kupauka na mota imerudi kwenye kazi nyingine. Kurasa mbili za mdogo wangu ninazo mimi, zile zilizorekebishwa. Mwalimu yeyote wa kitivo hiki anayetaka kuanza na zile, nitamnakilia. Jina litakaloandikwa juu liwe la mdogo wangu.